Jicho limepona, mbona halioni?

Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Gulwe kumjulia hali bibi. Kwa wasiopajua, Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati, Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma. Mpwapwa mjini reli haifiki, kwa hiyo tangu enzi za Wajerumani mtu wa Mpwapwa akija kwa treni anashukia kwetu.

Leo siasa naziweka pembeni. Nina historia ya kuwasimulia, na sababu yake nilikutana nayo uani kwa bibi.

Mke wa binamu yangu alinipa mwanawe nimpakate, mtoto wa miezi minne. Nilipomgeuza kwenye mwanga nikaona mboni ya jicho la kushoto si nyeusi. Ina weupe, kama tone la maziwa. Nikauliza. Mama yake akasema ameliona siku nyingi, ila wakubwa wamemwambia asubiri, mtoto akifika miaka mitano au sita ndipo apasuliwe, sasa hivi ni mdogo mno kwa kisu. Nikamgeukia bibi. Akanijibu bila kuacha kuchambua mboga: "Mjukuu wangu, hata dada yako walimpasua. Akapata nini?"

Hapo nikanyamaza, maana kisa cha dada nakijua. Ni mtoto wa mama mkubwa. Alizaliwa na mtoto wa jicho upande mmoja, akafanyiwa upasuaji akiwa na miaka kumi. Bandeji ilipofunguliwa daktari alimulika akasema jicho ni safi kabisa. Na kweli lilikuwa safi, weupe wote umeondoka. Lakini ukimziba lile jicho zima, dada hawezi kukuhesabia vidole ukiwa umesimama mlangoni. Mpaka leo. Kijijini wakahitimisha kwamba walimharibu. Kisa kikasambaa, na tangu hapo kila mtoto mwenye mboni nyeupe akizaliwa, dada ndiye mfano unaotolewa.

Kwa hiyo swali la bibi ni halali kabisa: jicho limepona, mbona halioni? Nimelitafutia jibu kwa muda mrefu. Nililipata mbali sana na Gulwe, kisha nikashangaa kuona wenye jibu walikwisha kufika hadi kwa majirani zetu wa Kongwa. Twende taratibu.

Njia ya kutoka jichoni hadi kisogoni

Tumezoea kusema jicho linaona. Kwa kweli jicho linapokea tu. Mwanga unapita kwenye konea, kile kioo cha mbele, unapita kwenye lenzi, unafika kwenye utando wa nyuma unaoitwa retina. Pale mwanga unageuzwa kuwa ishara za umeme, na safari ndiyo kwanza inaanza. Kila jicho lina nyuzi za neva kama milioni moja zinazoelekea ndani ya kichwa. Nyuzi hizo zinakutana kwenye njia panda, na zile za upande wa pua zinavuka kwenda upande wa pili. Matokeo yake, vyote vilivyo kushoto kwako, kutoka macho yote mawili, vinapelekwa ubongo wa kulia, na vya kulia vinapelekwa kushoto.

Baada ya njia panda kuna stesheni katikati ya ubongo, sehemu iitwayo thalamasi. Hapa ndipo Gulwe yetu: abiria wanashuka, wanapanda usafiri mwingine. Ila wa jicho la kulia na wa jicho la kushoto bado hawachanganyiki, kila kundi lina majukwaa yake. Kutoka hapo safari ya mwisho ni kisogoni, kwenye gamba la ubongo la nyuma kabisa. Ndiyo maana mtu akijipiga kisogo anasema ameona nyotanyota. Hatanii.

Watu walijuaje kwamba kuona kuko kisogoni? Hadithi ni ndefu na sehemu yake ni ya damu. Mwaka 1776 mwanafunzi wa udaktari wa Kiitaliano, Francesco Gennari, akikata ubongo uliogandishwa kwa barafu, aliona mstari mweupe ndani ya gamba la nyuma, haufanani na sehemu nyingine. Hakujua kazi yake. Leo tunajua ni nyuzi zinazoingia na kusambaa katika eneo la kuonea.

Kisha ikaja vita ya Urusi na Japani ya 1904 na 1905. Risasi za Warusi zilikuwa ndogo na za kasi, zikitoboa fuvu na kutokea upande wa pili huku askari akibaki hai. Daktari kijana wa macho, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kuwapima majeruhi hao ili serikali ya Japani iamue malipo yao. Akawa anapima tundu la kuingilia na la kutokea, anakadiria risasi imepita wapi, kisha analinganisha na sehemu ambayo askari haoni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909, wakati ambao reli ya Wajerumani ilikuwa ikisogea kutoka Morogoro kuja Dodoma kupitia huku kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza daktari Gordon Holmes akafanya kazi ya namna hiyo kwa askari wa Kiingereza.

Wote wawili walikuta ramani. Vitu vilivyo jirani mbele ya macho yako vina majirani kisogoni vilevile. Na katikati ya uoni, pale unapokazia macho unaposoma au unapotunga uzi kwenye sindano, pamepewa eneo kubwa kuliko pembeni kote. Ni kama ramani ya wilaya ambayo mchoraji amepachora mjini kwa ukubwa na mapori yote akayabana ukingoni.

Kivuli cha kioo

Ramani ikajulikana, lakini wakazi wake? Zile seli za neva, yaani nyuroni, kila moja inafanya nini pale?

Hapa tunakwenda Baltimore, Marekani, mwaka 1958, katika Taasisi ya Wilmer, ambayo ni idara ya macho ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Shikeni jina hilo la Wilmer, litarudi. Mkuu wa maabara alikuwa Stephen Kuffler, mzaliwa wa Hungaria, aliyekwisha kuonyesha mwaka 1953 kwamba seli za retina ya paka zinapenda madoa: doa la mwanga lenye giza pembeni, au doa la giza lenye mwanga pembeni. Vijana wawili walijiunga naye, David Hubel wa Kanada na Torsten Wiesel wa Uswidi. Wakachukua paka aliyelazwa usingizi kwa dawa, wakaingiza sindano nyembamba sana ya metali kisogoni, wakaiunganisha na spika. Seli ikipokea ishara, spika inalia tak, tak, tak.

Wakamwonyesha paka madoa, kama walivyofundishwa. Seli ya kisogoni ikakaa kimya. Saa zikapita. Walikuwa wakichomeka vioo vyembamba vyenye doa kwenye mashine, na ghafla spika ikalia kama bunduki ya rasharasha. Wakadhani ni doa. Wapi! Waligundua baadaye kwamba seli ilikuwa ikijibu ukingo wa kile kioo, kivuli cha mstari hafifu kilichopita mbele ya jicho wakati kioo kinaingizwa. Na si mstari wowote, ni wenye mwinamo ule tu. Ukiugeuza kidogo seli inapunguza kelele, ukiulaza kabisa inanyamaza.

Matokeo ya kwanza waliyachapisha mwaka 1959, mwaka ambao walihamia na Kuffler Chuo Kikuu cha Harvard, Boston. Mwaka 1962 wakatoa picha kubwa zaidi. Gamba la ubongo la kuonea lina unene wa kama milimita mbili tu, limepangwa kwa tabaka sita, na ujumbe kutoka ile stesheni ya kati unashukia hasa tabaka la nne. Ukiingiza sindano wima kutoka juu hadi chini, seli zote utakazokutana nazo zinapenda mwinamo uleule, kana kwamba ni ukoo mmoja uliojenga nyumba kwenye mstari. Ukiingiza kwa mshazari, mwinamo unabadilika kidogo kidogo kama mshale wa saa unavyozunguka. Na ukiendelea utaona seli zinazosikiliza zaidi jicho la kulia, mbele yake zinazosikiliza zaidi la kushoto, halafu la kulia tena, kwa zamu, kama matuta ya shamba. Ndani ya milimita moja au mbili umepata minamo yote na macho yote mawili, kisha mpangilio unaanza upya kwa kipande kingine cha dunia.

Na zimeunganishwaje? Maelezo yao yalikuwa rahisi hata mtoto wa shule anaelewa. Chukua seli kadhaa zinazopenda madoa, madoa yenyewe yakiwa yamepangwa kwenye mstari mmoja. Zote zipeleke ujumbe kwa seli moja ya kisogoni. Hiyo moja itashtuka pale tu madoa yote yanapowaka pamoja, yaani unapopita mstari. Seli za mistari zikipeleka ujumbe kwa seli nyingine, inapatikana seli inayotambua mstari ule hata ukisogea. Watafiti wa baadaye wakaongeza kwamba seli za mwinamo mmoja zimeunganishwa kwa nyuzi za ubavuni na wenzao wa mbali wanaopenda mwinamo huohuo, na kwamba nyuzi nyingi mno zinarudi kinyume, kutoka kisogoni kwenda stesheni ya kati. Treni inakwenda na kurudi.

Kwa hiyo unaposoma herufi A hapa, ubongo wako hauna picha ya A iliyobandikwa ukutani. Una makundi ya seli, moja linapaza sauti kwa mguu wa kushoto, jingine kwa mguu wa kulia, la tatu kwa kile kijiti cha katikati.

Paka mdogo na tawi la Kongwa

Sasa turudi kwa dada. Madaktari walikuwa wakijua zamani kwamba mtoto akiondolewa mtoto wa jicho akiwa amechelewa, mara nyingi haoni vizuri. Hawakujua kwa nini. Hubel na Wiesel wakachukua paka wachanga, wakafumba jicho moja kwa kulishona tangu wanaanza kuona hadi miezi kama mitatu, kisha wakalifungua. Inahuzunisha kuisoma, nakiri. Jicho lenyewe lilikuwa zima, retina nzima. Lakini kisogoni karibu seli zote zilikuwa zikilijibu jicho lililobaki wazi. Walipomfanyia hivyohivyo paka mkubwa, hakudhurika namna ile. Hayo waliyachapisha mwaka 1963.

Halafu wakafumba macho yote mawili. Unategemea madhara yawe maradufu, sivyo? Wakakuta seli nyingi bado zinajibu kuliko walivyotarajia. Maana yake ni kwamba jicho lililofumbwa halikuumizwa na giza peke yake. Liliporwa. Lile jirani lililokuwa wazi lilitanua matuta yake na kuchukua shamba la mwenzake. Baadaye kwa nyani wachanga waliona waziwazi: matuta ya jicho lililofumbwa yamekonda, ya jicho jingine yamenenepa.

Watu wa kwetu wataelewa upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Msagali, si mbali na Gulwe, kwenda Kongwa kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga. Mradi ukafa mwaka 1951 ukiwa umemeza kiasi cha pauni milioni 36, na baadaye tawi likafungwa. Njia isiyopitisha treni hailindwi, na jirani mwenye jembe hangoji aambiwe. Hicho ndicho kilichotokea kichwani kwa dada. Miaka kumi mtoto wa jicho alizuia treni za jicho moja. Daktari alipokuja kuondoa kizuizi, tayari upande wa pili ulishalima mpaka mlangoni. Daktari hakukosea. Alifika shamba limeshapata mwenyewe.

Mwaka 1981 Hubel na Wiesel walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba, pamoja na Roger Sperry. Hubel alifariki mwaka 2013.

Wilmer yafika Dodoma

Niliwaambia jina la Wilmer litarudi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa taasisi hiyohiyo, akiwemo Hugh Taylor na Sheila West, walifika Kongwa na kushirikiana na wataalamu wa Tanzania kuchunguza ugonjwa wa vikope. Bibi anaujua vizuri mno, ameng'oa kope kwa kibano tangu ujana wake. Maambukizi yanarudi rudi utotoni, kope zinageukia ndani, zinakwaruza konea, mtu anapofuka akiwa mtu mzima. Kongwa ndiko ulikofanyika utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu kunawisha watoto uso, ukaonyesha kwamba vikope vikali vilipungua kwa watoto waliofikiwa na kampeni hiyo. Kwenye nchi kavu kama yetu, ambako ndoo ya maji ina hesabu yake, hilo halikuwa jambo dogo.

Ila hapa ndipo nilipoelewa kosa letu. Magonjwa ya macho tuliyozoea Ugogo ni ya mlangoni, kope na konea, na mtoto wa jicho wa wazee. Mzee akikaa gizani miaka mitano kwa mtoto wa jicho, akapasuliwa leo, anaweza kukutambua kesho bandeji ikifunguliwa. Sababu ni kwamba nyaya zake za kisogoni zilitandikwa akiwa mtoto na zimeshakauka. Hata madaktari wenyewe zamani walikuwa wakimwambia mzee asubiri mpaka mtoto wa jicho akomae. Kwa hiyo bibi hakutunga uongo. Alichukua kanuni ya wazee akaitumia kwa mchanga. Kwa mchanga kalenda ni nyingine: wataalamu hupenda mtoto wa jicho mzito aliyezaliwa naye aondolewe ndani ya wiki chache za mwanzo, na baada ya hapo miwani, na jicho zima kuzibwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lipate nafasi ya kurudishiwa shamba. Kadiri miaka inavyosogea kuelekea saba au nane, mlango unazidi kujifunga.

Tatizo hili si la Gulwe peke yake. Utafiti wa watoto waliopelekwa KCMC Moshi, uliochapishwa mwaka 2005, ulihusu hasa ucheleweshaji huu, na ulikuta watoto wengi wanafikishwa hospitali muda mrefu baada ya wazazi kuona tatizo.

Naomba nisieleweke vibaya. Waliochelewa si watu wa kutupwa, wapo wanaofaidika na upasuaji hata ukubwani. Wala asiyeona hana ubongo uliolala. Pale Buigiri, njiani kuelekea Dodoma mjini, kuna shule ya wasioona iliyoanza mwaka 1950. Watoto wanasoma nukta nundu kwa ncha za vidole. Utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kwa watu waliopofuka mapema, wakisoma kwa vidole, lile eneo la kisogoni la kuonea ndilo linalofanya kazi. Jicho halikuleta treni, kidole kikaleta. Kichwani hakuna shamba linaloachwa pori.

Chungu cha bibi

Nilimweleza bibi yote haya jioni ile, bila majina ya wazungu. Alisikiliza. Zamani alikuwa mfinyanzi, kwa hiyo nikamalizia kwa methali anayoipenda mwenyewe: udongo uwahi ungali maji. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo dada yako hawakumharibu?" Nikamwambia hapana bibi, tulimchelewesha. Akasema, "Tulimchelewesha," akarudia tena polepole. Niliumia kumwona, maana yeye ndiye aliyeshauri kusubiri wakati ule.

Lakini asubuhi ni yeye aliyemwamsha mama mtoto. Wakasafiri. Mtoto ameshafanyiwa upasuaji na ana kimiwani kidogo chenye kamba nyuma, anakivua kila akipata nafasi. Daktari hakutuahidi muujiza. Alisema miezi minne ni kuchelewa kwa jicho moja, ila si kama miaka kumi, na kwamba kazi kubwa sasa ni ya nyumbani, kuziba lile jicho zima kila siku hata akilia.

Nilimpigia dada simu nikamsimulia. Alicheka kidogo, akasema miaka yote hii alidhani ana jicho la uvivu wake mwenyewe.

Wadau, ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, ana kwa ana au hata kwenye picha ya simu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Mara nyingine si mtoto wa jicho, ni saratani ya jicho, na hapo kinachowahiwa ni uhai wenyewe. Na bibi akisema asubiri akomae, usimkatalie kwa kiburi. Kaa naye uani, mweleze.

Tuko pamoja.